Kompyuta ya mezani inanguruma na imezeeka: niitengeneze au ninunue nyingine?

Bint Kuze ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu na wazee wangu. Naomba ushauri juu ya kompyuta yangu ya mezani, kwa sababu mafundi wawili wamenivuta huku na huku hata sijui nimfuate yupi.

Niliinunua mwaka 2017 hapa Mombasa, karibu na Digo Road, ikiwa tayari imetumika katika ofisi fulani huko Uingereza. Prosesa yake ni Intel Core i5-4590, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 za aina ya DDR3, diski ni ile ya sahani zinazozunguka yenye GB 500, na inaendesha Windows 10. Kazi yake kubwa ni kuhamisha kanda za kaseti. Watu huniletea kanda za taarab, za mawaidha, za harusi za miaka ya themanini, nyingine zimefungwa kwenye leso kana kwamba ni dhahabu, nami huzicheza kwenye deki iliyounganishwa kwa waya na lile tundu la buluu lililo nyuma ya kompyuta, nikazirekodi kwa programu ya Audacity, nikazisafisha na kumrudishia mwenyewe kwenye flashi. Kando ya hayo huitumia kwa barua pepe, kwa kujaza ritani za kodi na kwa kutengeneza kadi za mwaliko.

Asubuhi huwa imetulia. Ikifika adhuhuri, hasa msimu huu wa kaskazi, huanza kunguruma kama mashua ya mashine inayopambana na mkondo, hata mama yangu, ambaye hulala chumba cha pili, aliniuliza kama pangaboi limelegea. Sehemu za chini za kanda huwa sizisikii vizuri hata nikivaa vipokea sauti. Kuna na mlio mwingine, tik, tik, tik, ambao huja na kupotea. Nikiiwasha hupata wasaa wa kuchemsha chai na kunywa nusu kikombe kabla haijawa tayari. Na katika faili zenyewe nasikia mvumo chini ya sauti ya mwimbaji, nisijue kama ni feni hii hii inayoingia humo.

Muuzaji mmoja ameniambia niitupe, ninunue yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwa shilingi 24,000. Fundi mwingine anasema atanitilia prosesa ya i7 pamoja na RAM ya GB 8 kwa shilingi 9,500, nayo itakuwa kama mpya. Kiasi chochote kati ya hivyo viwili naweza kukipata kwa kujikaza, lakini siwezi kutoa mara mbili. Naomba mnisaidie kabla sijakosea.

Fundi Mwembe Tayari amejibu:

Waalaykum salaam dada yangu. Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, ambao huja na neno moja tu, "imechoka". Hata hivyo, umeyafunga magonjwa manne katika fungu moja: ngurumo ya adhuhuri, ule mlio wa tik tik, uzito wa kuwaka, na mvumo ulio ndani ya faili. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake, na ndiyo sababu mtu mmoja anakuuzia prosesa na mwingine anakuuzia kompyuta nzima, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua kasha akasikiliza.

Nianze na lile linalonitia hofu. Mlio wa tik tik katika diski ya sahani mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinachojaribu kupata mahali na kushindwa, kisha kurudi mwanzo na kujaribu tena. Huenda ikaishi hivyo miezi sita, na huenda ikafa kesho. Kabla hujagusa bisibisi, nakili kanda zote za watu kwenye diski ya nje. Usianze na programu za kutengeneza diski wala za kupanga faili upya, kwa maana hizo huifanyisha kazi diski iliyo mgonjwa. Ukishanakili, weka programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, uangalie mstari wa sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika vikabadilishwa na vya akiba. Namba hiyo ikiwa si sifuri na inazidi kupanda wiki hadi wiki, diski hiyo imekwisha.

Sasa ngurumo. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, fungua ubavu wa kasha, kisha uiwashe ikiwa wazi na usikilize kwa makini. Katika mashine za aina hiyo kwa kawaida utakuta feni ya juu ya prosesa, feni ya kasha, na feni iliyo ndani ya pawasaplai, lile sanduku linaloigawia kompyuta umeme. Chukua penseli yenye ufutio, bonyeza kitovu cha feni moja kwa sekunde mbili tu, si mapanga yake, usikie kama kelele imepungua. Fanya hivyo kwa feni ya prosesa na ya kasha. Ya pawasaplai usiiguse, wala pawasaplai yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu mna vikapasita vinavyoweza kushika umeme mkali baada ya kuzimwa. Iwapo kelele inatoka humo, kifaa hicho hubadilishwa kizima.

Kwamba asubuhi imetulia na adhuhuri inanguruma ni dalili ya joto. Feni ya prosesa hutii kipimajoto: joto likipanda, nayo huongeza mzunguko. Mashine hiyo ilifanya kazi ofisini Uingereza, katika chumba cha nyuzi 20 hivi. Hapa kwetu mwezi wa Februari chumba kina nyuzi 32, na chuma cha kupozea hakiwezi kushuka chini ya joto la hewa inayokipitia, kwa hiyo unaanza safari ukiwa tayari una nyuzi 12 mgongoni. Ongeza vumbi lililoziba mapengo ya chuma hicho, na ile krimu ya kijivu baina ya prosesa na chuma ambayo baada ya miaka kumi huwa imekauka kama chokaa, utaelewa kwa nini feni inalia. Pakua programu ya HWiNFO usome nyuzi za prosesa wakati inapolia. Prosesa za kizazi hicho hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo huenda hata sehemu ya uzito wako ni joto hilo hilo.

Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Tumia brashi laini ya rangi na blowa ndogo, na uishike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu huharibu beringi na huweza kurudisha umeme kwenye bodi. Nakuomba usiipeleke kwa mtu wa kujaza upepo wa magari. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na hewa ya kompresa ile huja na maji na mafuta, ambayo yakichanganyika na chumvi ya bahari tuliyo nayo hapa kisiwani huwa ni kutu ya hakika kwenye bodi. Krimu ya kupitishia joto ni shilingi mia chache. Futa ile ya zamani kwa spiriti na utie mpya kiasi cha punje moja ya mchele.

Kuhusu i7, usikubali. Soketi ya prosesa kwenye bodi yako ni ya aina ya LGA1150, haipokei kizazi cha sita wala cha nane, hivyo atakachokutilia ni ndugu wa prosesa uliyo nayo. i7-4790 na i5-4590 zote zimepimwa na Intel kwa wati 84, maana yake joto la kupozwa halitapungua hata kidogo, na Audacity haina shida na prosesa yako ya sasa.

Mhasibu wa Tudor amejibu:

Namheshimu Fundi, lakini nadhani ameitazama mashine pekee, bila kumtazama mwenye mashine. Dada Bint Kuze anajazia ritani za kodi humo humo, na pengine za wateja pia. Msaada wa bure wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mwaka mmoja wa ziada wa masahihisho ya usalama kwa anayejisajili, nao utakwisha tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo kwa upande wa Intel hukubali rasmi kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa aina chache mno, na hutaka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine za mwaka 2014 kwa kawaida hazina. Najua wapo vijana wanaoiingiza kwa njia za panya, lakini kifaa ninachoandikia neno la siri la kodi nisingependa kiwe kimeingizwa kwa njia ya panya.

Nilitaraji hesabu ya stima iniunge mkono, nikaikalia kitako. Tuseme mashine yako inakula wati 45 unapofanya kazi nyepesi, na kompyuta ndogo ya kisasa inakula wati 12. Tofauti ni wati 33. Kwa saa sita kwa siku, siku thelathini, ni uniti sita kasoro kidogo. Tukichukua shilingi 28 kwa uniti, utaokoa kama shilingi 168 kwa mwezi, na shilingi 24,000 zitakurudia baada ya miaka karibu kumi na miwili. Kwa hiyo asije mtu akakuuzia mashine mpya kwa hoja ya stima. Hoja yangu ni usalama, na saa zako zinazopotea ukingoja chai ichemke.

Nadhani ungenunua ile ya kizazi cha nane, lakini baada ya kujua diski iliyomo ni ya aina gani. Nyingi za mtumba huja bado na diski ya sahani, na ukilipa 24,000 kwa mashine yenye diski kama hiyo utakuwa umehamisha ugonjwa mmoja kati ya manne aliyoyataja Fundi.

Bint Kuze amejibu:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimenakili kanda zote jana usiku, GB 310, na kazi hiyo ilichukua tangu baada ya isha hadi karibu na alfajiri, kwa sababu kuna mahali diski ilikuwa inasimama dakika nzima kabla ya kuendelea. Faili mbili zimekataa kabisa. CrystalDiskInfo imeniwekea rangi ya manjano, na namba ya sekta zilizohamishwa imepanda kutoka 88 hadi 104 baina ya jioni na asubuhi.

Kisha nikafungua kasha. Vumbi nililitegemea, lakini sikutegemea kukuta mayai mawili ya mjusi kafiri yamebandikwa vizuri nyuma ya feni ya kasha, meupe, moja likiwa tayari tupu. Mapengo ya chuma cha kupozea yalikuwa yamejaa nyuzinyuzi za pamba zilizoshikana kama blanketi, nadhani ni za leso na vitambaa ninavyofutia kanda, hata nikizitazama kwa tochi sikuona mwanga upande wa pili. Jaribio la penseli limeonyesha kwamba ngurumo ni ya feni ya prosesa, ilhali feni ya kasha ina mluzi wake mwembamba ambao sikuwahi kuutambua kwa sababu mwenzake alikuwa anaufunika.

Kabla ya kusafisha prosesa ilikuwa nyuzi 91 nikisafisha faili ndefu. Baada ya kusafisha na kutia krimu mpya ni 64, chumba kikiwa kile kile na saa ile ile ya adhuhuri. Ngurumo imepungua mno. Mluzi umebaki, na mvumo ulio ndani ya faili haukubadilika hata chembe, jambo linalonishangaza.

Maalim wa Kisauni amejibu:

Mwanangu, hilo la mwisho lisikushangaze. Mimi hurekodi mawaidha na darasa, na nimepoteza miezi mingi kwa kosa hilo la kudhani kwamba kelele ya chumbani na kelele ya faili ni kitu kimoja. Unapohamisha kanda kwa waya, hakuna maikrofoni inayosikiliza chumba chako. Feni ingeweza kunguruma kama lori la Changamwe na isionekane katika faili hata kidogo. Kinachokuja ndani ya faili kimekuja kwa umeme.

Fanya majaribio matatu, kila moja la nusu dakika, ukirekodi pasi na muziki. Kwanza chomoa waya wa deki kwenye lile tundu la buluu na urekodi tundu tupu. Pili rudisha waya, deki ikiwa imezimwa. Tatu washa deki, kanda ikiwa imesimama. Halafu yakuze maumbo ya sauti usikilize. Ukisikia mvumo mzito wa chini, ule wa stima yetu ya hezi 50 na kaka yake wa hezi 100, na unaanza pale tu deki inapounganishwa, tatizo liko katika njia ya umeme baina ya vifaa viwili. Jaribu kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ardhi ya kweli, si ile ambayo pini ya tatu ni pambo. Lakini ukisikia sauti nyembamba ya kuchirizika ambayo hubadilika unaposogeza kipanya, au unapofungua faili, hiyo ni kelele ya kompyuta yenyewe inayopenya katika sehemu ya sauti iliyo kwenye bodi.

Kwa hali ya pili, hutaitibu kwa kubadilisha prosesa, na hata kompyuta mpya huenda ikaja na kelele yake. Dawa ni kisanduku cha sauti cha USB chenye matundu mawili ya kuingizia, jekundu na jeupe, ambacho huibadilisha sauti kuwa namba kikiwa nje ya kasha, mbali na vurugu za ndani. Hapa kuna jambo ambalo sijaona mtu akilitaja: kompyuta za mkononi za leo, na zile ndogo za mezani pia, nyingi hazina tundu la buluu. Zina tundu moja la maikrofoni na vipokea sauti kwa pamoja, na sauti ya deki ukiitia humo hupasuka, tena hutoka upande mmoja tu badala ya kulia na kushoto. Kwa hiyo ukinunua mpya leo bila kisanduku hicho, kesho utakuwa umekaa mbele ya mashine ya kimya kabisa isiyoweza kufanya kazi yako.

Kwa hesabu yangu anza kununua kile kitakachohama nawe. Kisanduku cha sauti kitahama. Diski ya SSD ya inchi mbili na nusu, ile isiyo na sahani zinazozunguka na ambayo huiwasha kompyuta upesi, nayo itahama, kwa sababu mashine ya baadaye ya mezani kwa kawaida huwa na waya ule ule wa diski uitwao SATA. RAM ya DDR3 haihami, ina pini 240, na ya DDR4 ina 288, wala hazikubaliani hata kwa nguvu. Prosesa ya i7 haihami, ndiyo mwisho wake humo. Zile 9,500 za fundi wako zote zingezikwa ndani ya kasha hilo moja.

Fundi Mwembe Tayari amejibu:

Maalim amenisaidia kulisema lile nililokuwa nikilizunguka. Nami nilikuwa nimekaribia kumwambia aongeze RAM, kwa sababu GB 4 ni chache kwa mtu anayefungua vivinjari vingi, lakini kwa anayerekodi kanda tu si lazima, na nikubali kwamba fedha hiyo haitarudi. Kama unaye jamaa aliyetupa kompyuta ya kizazi cha tatu au cha nne, muombe kijiti kimoja cha RAM. Kusugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio kabla ya kuchomeka ni mazoea yetu mafundi wa pwani, kwa kuwa hewa ya chumvi huyafunika utando usioonekana.

Mluzi wa feni ya kasha ni beringi iliyokauka. Waweza kubandua karatasi ya nyuma ukatia tone moja la mafuta ya cherehani, nayo itanyamaza, lakini kwa uzoefu wangu hiyo ni dawa ya wiki kadhaa. Nunua nyingine, na kabla ya kununua hesabu pini za soketi yake na upime upana wake kwa rula, kwa maana kompyuta za ofisini mara nyingine zina soketi za kampuni yenyewe ambazo feni ya kawaida haiingii. Hali ni hiyo hiyo kwa pawasaplai: bodi ya kawaida hutumia soketi ya pini 24, na baadhi ya hizi za ofisini zina ya pini 8 au 6. Hilo ndilo lingenifanya niseme uiache, kama kelele ingekuwa imetoka kwenye pawasaplai. Umenusurika.

Ukipata feni pana zaidi inayozunguka taratibu, usisite. Kelele ya feni hushuka kwa kasi kuliko mzunguko wake, kiasi kwamba ukipunguza mzunguko kwa nusu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 15, na sikio husikia tofauti kubwa mno.

Mhasibu wa Tudor amejibu:

Sijashawishika kuhusu usalama, lakini nimeshawishika kuhusu mpangilio wa fedha. Nipendekeze njia ya kati. Mashine ya kanda isiunganishwe na intaneti kabisa, basi umri wa Windows hautakuwa na uzito mkubwa. Ama sivyo, ondoa Windows utie Linux Mint 22, ambayo itapata masahihisho hadi mwaka 2029, ni ya bure, na Audacity ipo humo. Ritani za kodi zifanye kwenye simu au kwenye mashine nyingine iliyo salama. Ikifika siku una 24,000 zisizokuuma, utanunua ya kizazi cha nane ambayo haina diski, kwa bei ya chini, kwa sababu diski utakuwa nayo.

Jambo moja la kuulizia ni ukubwa wa SSD. GB 310 za kanda zako zinaweza kukufanya uone GB 240 hazitoshi.

Maalim wa Kisauni amejibu:

Hazitoshi kwa kuhifadhi, lakini zinatosha kwa kufanyia kazi. Sauti ya kawaida ya hezi 44,100 na biti 16, kulia na kushoto, hula takriban MB 10 na nusu kwa dakika, kwa hiyo kanda ya dakika 60 ni kama MB 635. Audacity yenyewe hufanyia kazi biti 32, kwa hiyo faili ya mradi huwa mara mbili ya hapo kabla hujaitoa. Mwanangu akiweka kanda za wiki hii kwenye SSD, na zilizokamilika akazihamishia kwenye diski mbili za nje zinazokaa nyumba mbalimbali, hatahitaji diski kubwa. Nasema mbili kwa sababu umeona mwenyewe moja inavyosema tik tik.

Bint Kuze amejibu:

Nimefanya majaribio ya Maalim, na jibu limekuja mchanganyiko. Mvumo mzito ulitoweka nilipovichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ardhi. Kilichobaki ni ile sauti ya kuchirizika, nami niliposogeza kipanya huku nimevaa vipokea sauti niliisikia ikipanda na kushuka kama nzi ndani ya chupa. Miaka yote hii nilikuwa nikiilaumu deki.

Basi nimenunua SSD ya GB 480 kwa shilingi 4,800, feni ya kasha kwa shilingi 700 baada ya kwenda dukani na ile ya zamani mkononi ili pini zisinidanganye, na kisanduku cha sauti cha mtumba kwa shilingi 3,000. Jumla 8,500, chini ya zile za i7. RAM sikununua, ingawa jirani yangu wa Kibokoni ameahidi kunitafutia kijiti katika mashine aliyoifanya kiti cha paka. Nimetia Linux Mint, na sasa kompyuta inawaka kabla sijafika jikoni. Ritani nimehamishia kwenye kompyuta ya ndugu yangu, na ya 24,000 nimeiweka mbali hadi mwakani.

Jana adhuhuri mama alifungua mlango akaniuliza kama stima zimepotea, kwa kuwa hakusikia kitu. Nilikuwa katikati ya kanda ya harusi, nikamwonyesha kwa kidole anyamaze, ijapokuwa hakukuwa na maikrofoni yoyote ya kumsikia.

Zile faili mbili zilizokataa kunakiliwa hazikupona. Moja ni nakala tu, lakini ya pili ni upande B wa kanda ya mawaidha ambayo nilishaisafisha kwa siku tatu. Kanda yenyewe iko salama kwa mwenyewe, huko Likoni, na nimempigia simu. Nitavuka Jumamosi kuifuata, na diski ya zamani nimeiweka kwenye bahasha juu ya kabati, maana ina sauti za watu na sitaki iuzwe kama chuma chakavu.

Fundi Mwembe Tayari amejibu:

Ukivuka, nipitie Mwembe Tayari njiani na bahasha hiyo. Nina kifaa cha kusomea diski nje ya kasha, na mara nyingine diski ambayo imekataa ikiwa na joto hukubali ikiwa imepumzika siku mbili. Sikuahidi kitu, ila tutajaribu mara moja tu, na kabla hujamsumbua mzee wa Likoni.